Koti la Sitini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, mlango si kiti. Zimeni hiyo redio. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana nikianza sitaki sauti ya mtu isipokuwa zile ninazozileta mwenyewe, nazo ni nyingi, zingine ziko kaburini na bado zinabishana.

Nawasimulia habari za benchi langu. Lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, nje ya duka la fundi cherehani, ubavuni kwa kinyozi, na ng'ambo ya njia kulikuwa na fundi baiskeli. Mimi niliuza kahawa hapo: birika moja, vikombe sita, kimoja hakina mkono. Fundi cherehani tulimwita Komredi, kwa sababu alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Tawi lilikuwa na wanachama wanne: yeye, kinyozi, fundi baiskeli, na mimi niliyeandikishwa siku niliyopeleka gauni kupigwa upindo. Kinyozi alikuwa Gazeti, maana alisoma kila karatasi iliyofungiwa kitu, hata ya mwaka juzi, akatoa habari zake kama za leo asubuhi. Fundi baiskeli alikuwa mwanamke, Spana, mikono myeusi kwa grisi, mdomo mkali kuliko msumeno.

Wakati huo serikali yetu ilikuwa imepeleka jeshi nchi ya watu, kuwashika mkono wakubwa fulani walioivamia. Mwaka wa pili walikuwa huko, miji ya wenyewe wameishika kwa mtutu, na redio inasema wanalinda amani. Tawi letu lilipinga tangu siku ya kwanza. Tulipinga kila alasiri, kazi zikipungua. Lakini Jumanne hiyo ninayoisema, vita vilikuwa vimeingia chumbani kwangu. Mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake afe, yule mrefu tuliyemwita Mlingoti, alikuwa ameandikiwa kuondoka na kikosi cha Alhamisi. Aliingia jeshini kutafuta kazi kama wenzake, wakamfundisha kujenga madaraja. Usiku kucha nilikuwa nimemsihi asiende, akanijibu neno moja tu: "Bibi, nimekula kiapo."

Basi nikamimina kahawa mzunguko wa kwanza, nikaweka birika chini.

— Jamani, leo sitaki hotuba. Nataka mjukuu wangu asiende. Nyie ndio vichwa vya chama. Semeni.

Komredi akafuta masharubu polepole.

— Bibi, hilo nimeshalishughulikia.

— Vipi?

— Niko kwenye mgomo.

Spana, aliyekuwa ameketi na tairi mapajani, akamgeukia.

— Umegoma nini, mzee? Asubuhi nzima cherehani yako imelia mpaka nikashindwa kusikia pancha inapotolea upepo.

— Nilikuwa najiandaa kugoma.

— Kwa kushona?

— Dada, sikiliza, halafu ucheke. Mwaka mzima nimegomea hivi vita. Vita vimeniona? Havijaniona. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nje ya mnyororo wa uzalishaji. Mtu hawezi kugomea kazi ambayo hana. Nikakaa nikafikiri. Nikaandika barua kwa msambazaji wa jeshi, nikaomba kushona makoti sitini ya kikosi. Wakanipa. Nikawa ndani ya mnyororo. Sasa nimeusimamisha.

Gazeti akapiga goti lake.

— Huyo ndiye katibu! Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

— Umeshona mangapi? akauliza Spana.

Komredi akachungulia ndani ya kikombe kama aliyeangusha kitu.

— Hamsini na tisa.

Palikuwa na mwendesha baiskeli anapita. Tulimsikia mpaka akakata kona.

— Hamsini na tisa, akasema Spana. Kati ya sitini.

— Mgomo una wakati wake. Ukigoma mapema, bepari anapeleka kazi kwa fundi mwingine. Ukigoma mwishoni umemshika pabaya.

— Umemshika wapi wakati umeshamvisha?

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Gazeti.

— Kibaba chenyewe ndicho kilichojaa, Gazeti. Cha wale tunaowapinga.

Komredi akainamisha kichwa. Sauti ikashuka, si ya katibu tena, ya fundi.

— Kitambaa kilikuwa kizuri. Kizito, hakichuji. Nikasema nikate kimoja tu nione mkasi unakwendaje. Sasa ukishakata, utaacha vipande hivyo? Na ukishaunga kimoja, cha pili kinakutazama.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema fundi ni kama mbuzi: hata akiwa amekununia, ukimwachia majani atakula. Nilimwongeza kahawa.

— Na hilo la sitini ni la nani? nikauliza.

— Ni la Mlingoti wako, Bibi. Ndiyo maana nakwambia nimelishughulikia. Saizi zao zote hazimfai, mikono inaishia hapa kwenye kiwiko. Walimwambia aje nimpime mwenyewe, nikampima, na leo anakuja kulijaribu. Sasa, sheria ya jeshi: askari hasafiri bila sare kamili. Na kikosi hakisafiri pungufu. Mkono wa kushoto sijauunga wala siuungi. Bila mkono hakuna koti. Bila koti hakuna askari. Bila askari wa sitini, hakuna ndege.

— Hiyo sheria umeisoma wapi? akauliza Spana.

— Inajulikana.

Wajukuu zangu, nakiri. Mfa maji hukamata maji, nami niliukamata ule mkono wa koti kwa mikono miwili. Niliona ndege kubwa imesimama uwanjani, wakubwa wameshika viuno, na rubani anauliza: tunamngoja nani? Wanamwambia: tunangoja mkono wa kushoto.

Lakini Spana si mtu wa kumwachia mwenzake aote.

— Watamwazima koti la mwingine waondoke. Mimi nasema hivi. Kambini kuna malori arobaini, na lolote laweza kutumika kuwapeleka uwanjani. Kila lori matairi sita. Nipeni mtu mmoja wa kunishikia taa, natoa kiini cha kila vali. Lori haliendi bila upepo.

— Matairi mia mbili na arobaini? Komredi akamwambia. Utamaliza Jumapili. Wanaondoka Alhamisi.

— Nitaanza na la mbele.

— Na wakitembea kwa miguu?

— Wakitembea kwa miguu watachoka, wakichoka watafikiri.

Gazeti akakohoa. Alikuwa amengoja zamu yake, na alikuwa na karatasi mfukoni iliyofungiwa misumari.

— Nyie mnahangaika na mikono na miguu. Kata kichwa. Simaanishi kukata, namaanisha kunyoa. Jenerali hunyolewa kila Jumatano. Nikifika kwake nikamnyoa upande mmoja, nikaangusha mashine kwa bahati mbaya ikavunjika, atatokaje mbele ya kamera? Hawezi. Na vita vya siku hizi bila kamera havipo. Vitaahirishwa mpaka nywele ziote.

— Atavaa kofia, akasema Spana.

— Kwenye wimbo wa taifa atavua.

Hapo hata Spana akakubali kwa kichwa, maana hoja ilikuwa na mashiko.

— Na kinyozi wake wa siku zote utamfanyaje? akauliza Komredi.

— Huyo tutamwingiza chamani.

— Gazeti, hiyo si siasa. Huo ni ugomvi na mtu mmoja. Adui si nywele za jenerali, adui ni ubeberu. Vita ni kiwanda: mlango wa mbele vinaingia vijana, mlango wa nyuma inatoka faida, na anayefagia sakafu ni mama zao.

— Ndiyo hotuba niliyosema sitaki, nikamwambia.

— Samahani, Bibi.

— Redio imesema leo, akaendelea Gazeti, kwamba sisi kule ni wageni tu, na mgeni njoo mwenyeji apone.

Spana akatupa kipande cha mpira chini.

— Wenyeji gani wamepona? Wanazikwa. Mgeni gani anaingia na kifaru, anakuta watu wamelala, anawaambia wenye nyumba wakae nje?

— Basi mimi nina dawa, akasema Gazeti, na sasa macho yalikuwa yanamng'aa. Tubadilishane. Tuwaandikie wale watu wa kule barua ya heshima. Tuwaambie: nanyi leteni jeshi lenu kwetu, wiki moja tu. Wasimame hapa njia panda. Wamuulize waziri kitambulisho akienda kazini, na akirudi, na akitoka kununua mkate. Wampekue mke wake mkoba. Wiki moja! Baada ya hapo kila mtu atarudi kwao, na hakuna atakayerudia.

— Na wakikataa kuondoka? akauliza Komredi.

Gazeti akafikiri.

— Hapo ndipo tutagoma.

— Kwa makoti gani?

Nikawaacha. Walikuwa wamefika mahali ambapo maneno yanajiendesha yenyewe kama baiskeli kwenye mteremko. Komredi alikuwa anapiga hesabu ya mafundi wote wa nchi waache kushona suruali za mawaziri, wabaki na zile walizonazo mpaka zichanike bungeni. Spana alisema apewe jukumu la kuzichana. Gazeti akanigeukia kunifariji.

— Bibi, usiwaze. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Unajua maana yake?

— Maana yake utalia kidogo.

Nilikuwa natafuta cha kumjibu nilipoona kivuli kirefu kinapita ubaoni. Mlingoti. Aliinama kukwepa bati la paa la fundi, kama alivyozoea kuinamia vitu vyote duniani. Benchi lile hakuwahi kulikalia hata siku moja. Alikuwa akisema ni la wenye maneno.

— Shikamooni.

— Marahaba, baba, tukaitikia wote kwa pamoja, kama watu waliofumaniwa.

— Mzee, nimetumwa koti.

Komredi akainuka, akaiweka sawa futi yake ya kupimia shingoni.

— Kijana wangu, kabla sijalileta, nakutangazia rasmi kwamba duka hili liko kwenye mgomo.

— Sawa, mzee.

— Koti lako lina mkono mmoja. Na litabaki hivyo.

— Sawa. Sajini amesema nikilikosa nivae langu la mvua.

Komredi akasita. Nilimwona anavyohesabu upya ile hesabu yake yote, kutoka mkono hadi ndege, na kila alipofika kwenye koti la mvua akarudi mwanzo. Akaingia ndani, akaja na lile koti, akamvisha Mlingoti ili apate cha kufanya. Akatia pini mdomoni. Akachora chaki begani. Mkono wa kulia ulimfika sawasawa. Wa kushoto ulikuwa shati lake tupu. Na mimi nikajiambia: basi, ameondoka. Nilikuwa namtazama mtu aliyekwisha kuondoka.

— Wamewafundisha nini leo? Spana akamuuliza.

— Kanuni za kule. Tutakuwa tunalinda mitaa. Madaraja bado.

— Zinasemaje?

— Nyingi. Iko moja haijaniingia. Akageuka kidogo, Komredi akamgeuza tena, naye akaendelea: Kule ni marufuku watu zaidi ya watatu kukaa pamoja nje. Ukiwakuta, unawaamuru watawanyike. Wasipoinuka, unapiga juu. Wasipoinuka tena, kuna kanuni nyingine.

— Halafu? nikasema mimi.

— Sajini alipotueleza alisema mara nyingi ni wazee tu, wako nje ya duka, na vikombe vyao. Wanakataa kuinuka kwa sababu ni mahali pao pa kila siku. Nikataka kumuuliza kitu, akasema maswali baadaye. Sasa nawauliza nyie, kwa kuwa nyie mnajua hayo mambo ya kukaa.

Akatuangalia mmoja mmoja. Tulikuwa wanne.

— Nikiwakuta wamekaa hivi, niwaambie nini?

Komredi akatoa pini mdomoni.

— Waambie… waambie sisi wafanyakazi wa nchi hii hatuna ugomvi na wafanyakazi wa…

— Nikiwa nimeshika bunduki, mzee?

Komredi akarudisha pini mdomoni.

— Pita kama hukuwaona, akasema Spana.

— Nyuma yangu kuna sajini, dada. Na nyuma ya sajini kuna gari.

— Basi waambie kwa upole.

— Neno gani la upole, nikupe wewe uinuke hapo?

Spana akatazama tairi lake. Mlingoti akamgeukia Gazeti, na Gazeti, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kukosa methali hata kwenye msiba wa mkewe, akafungua mdomo na kuufunga.

— Bibi? akaniambia mimi. Ungekuwa wewe. Na birika lako. Ungetaka nikwambie nini?

Enyi wajukuu zangu, mimi nimemwambia mtoto huyu maneno yote. Nimemfundisha kuomba maji, kusalimia wakubwa, kutaja jina la mama yake asiyemkumbuka. Nilimtafutia neno la kumwambia kikongwe mwenye kikombe ainuke kwenye ubao wake, nchini kwake, mbele ya duka la jirani yake. Nililitafuta mpaka kwa marehemu. Babu yenu, aliyekuwa na jibu la kila kitu, hakunisaidia.

— Sina, mwanangu.

— Nami sina, akasema.

Akavua koti polepole, asichomwe na pini. Akalikunja, akampa Komredi.

— Usimalizie, mzee.

— Niko kwenye mgomo tangu asubuhi, akasema Komredi.

— Basi endelea nao.

Halafu akaketi. Ubao ulikuwa mfupi, tukasogea. Magoti yake yalifika karibu na kidevu. Spana akampa kikombe kile kisicho na mkono, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki, na hakuna aliyesema kitu chochote cha chama.

Alhamisi alikwenda kambini bila koti, akasimama mstarini na wenzake, na jina lake liliposomwa akasema haendi. Wakamuuliza kisa. Akasema kuna swali aliuliza na hajajibiwa. Wakamfunga miezi kumi na minne. Kikosi kiliondoka siku ileile, saa ileile, pungufu ya mtu mmoja, na ndege haikungoja hata dakika. Makoti hamsini na tisa yalikwenda. Komredi aliyajua moja moja. Kila aliposikia redio inataja askari aliyeanguka, alikuwa akiuliza kifua chake kilikuwa inchi ngapi.

Kila Ijumaa sisi wanne tulifunga kazi, tukaenda kusimama mbele ya gereza na bango la kitambaa chekundu, herufi Komredi kazishona kwa mkono: Rudisheni Jeshi Nyumbani. Wapita njia walidhani tunauza vitambaa. Mwezi wa tatu akaja mama mmoja tusiyemjua, akasimama pembeni, halafu akashika ncha ya bango. Mwanawe alikuwa na mojawapo ya yale makoti. Wiki iliyofuata akaja na dada zake. Wakaja walimu, wakaja wanawake wa kiwanda cha sabuni, wakaja watu wa reli na filimbi zao. Kufika mwaka, njia ile haikupitika Ijumaa. Jeshi likarudishwa. Waziri alisema si kwa sababu yetu. Tukasema sawa.

Komredi alikufa wakati wa mvua, cherehani ikiwa na uzi sindanoni. Cherehani alimwachia Spana, ambaye hashoni. Anaitumia kushonea ngozi za viti vya baiskeli, na viti vyake havina mfano. Lile bango lilikwenda kwa yule mama wa kwanza. Mimi nisiyejua kusoma akaniachia daftari la vipimo vya makoti sitini. Spana alinisomea lote: bega, kifua, mkono, bega, kifua, mkono. Tisa amewapigia mstari, wale waliotajwa redioni. Kwenye la mwisho kaandika: hakushonewa.

Gazeti macho yalimwishia. Hakuwa na mtoto, na Mlingoti alipotoka gerezani hakuna aliyetaka kumwandika kazi, kwa hiyo mzee akamfundisha wembe, na alipokufa akamwachia duka, kioo, na kile kiti cha kunyolea. Kiti ni kifupi kwake. Ananyoa amepiga magoti. Wengi wanaokuja kunyolewa kwake ni wale waliokwenda. Wanakaa, anawafunga kitambaa shingoni, anawanyoa vizuri, na mpaka leo hajamuuliza hata mmoja wao aliwaambia nini wale wazee.